Namna ya kupata kiwanja na nyumba kwa kikundi hapa Kigoma, kuanzia kuchanga mpaka hati

Ndugu zangu wapangaji, hii nawaandikia nyie mnaolipa kodi ya miezi sita kwa mkupuo pale Mwanga, Gungu au Ujiji, na kila mkikusanya ya kiwanja inaondoka na ada ya shule au msiba. Mimi nimepanga miaka kumi na moja. Kikundi chetu kilianza na watu 34, kina mama wauza migebuka (samaki wa ziwani) na mawese, bodaboda, mafundi cherehani, walimu wawili na mzee mmoja mlinzi, leo hii 32 tuna viwanja vilivyopimwa na nyumba 19 zimeshaezekwa, nyingine ziko kwenye msingi au lenta. Hakuna aliyepata mkopo wa nyumba wa benki. Mikopo ile inataka mshahara unaopita benki na hati mkononi, na sisi wengi wetu hatukuwa na hata kimoja kati ya hivyo viwili.

Kwaiyo njia yenyewe ni kuungana, kikundi na mwenye shamba na halmashauri na mpima na mafundi, kila mmoja analeta alichonacho. Nitaeleza hatua kwa hatua, na nasema mapema kabisa kwamba tofali sio kazi ngumu, kazi ngumu ni karatasi. Vikundi ninavyovijua vilivyovunjika hakuna hata kimoja kilichovunjikia kwenye zege, vyote vimevunjikia kwenye risiti, majina na muhtasari wa kikao.

Watu kwanza, ardhi baadaye

Msianze na ardhi. Anzeni na watu mnaojuana kwa shida, sio kwa grupu la WhatsApp. Sisi tulianzia kwenye kibati cha kusaidiana misiba, tayari tulikuwa tunajua nani anachanga kwa wakati na nani anazima simu siku ya kikao. Watu 20 mpaka 40 ni idadi nzuri, mkipungua hapo gharama ya mpima inawaelemea, mkizidi sana kikao kinakuwa mkutano wa hadhara na hakuna kinachoamuliwa.

Kaya moja kiwanja kimoja, liandikeni hilo siku ya kwanza. Mtu mwenye hela akija anataka vinne atawasaidia kununua haraka, ndio, ila miaka mitatu mbele atakuwa baba mwenye nyumba wenu na mtarudi kupanga kwake.

Halafu kila mtu aanze kuhangaikia namba ya NIDA, ile ya kitambulisho cha taifa, mapema. Huku kwetu mpakani watu wengi mambo yao ya kitambulisho yanachukua muda mrefu, na sheria ya ardhi haimruhusu asiye raia kumiliki ardhi isipokuwa kwa uwekezaji, kwaiyo mwanachama bila NIDA atakwama mwishoni kabisa wakati wenzake wanachukua hati. Inauma sana kumuona mama aliyechanga mwaka mzima anasimama pembeni kwa sababu ya karatasi ambayo angeianza siku moja na wenzake.

Kikundi kiwe na sura ya kisheria

Hapa kuna njia tatu ninazozijua. Kikundi cha kuweka na kukopa kinasajiliwa kupitia halmashauri chini ya Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018, hiki kinatosha kwa kuchanga na kutunza hela. Ya pili ni ushirika wa nyumba, huu unasajiliwa chini ya Sheria ya Vyama vya Ushirika ya mwaka 2013 inayosimamiwa na Tume ya Maendeleo ya Ushirika, afisa ushirika wa manispaa ndio mlango wenu. Ya tatu ni kuwa na wadhamini waliosajiliwa RITA, wakala wa serikali wa usajili na udhamini, wanashika mali kwa niaba ya wote.

Ushauri wangu, anzeni na kikundi cha kuchanga ila msinunue ardhi kwa jina la mwenyekiti peke yake "kwa muda". Hilo neno kwa muda limewaliza watu wengi. Mwenyekiti anafariki, ndugu zake wanakuja na vyeti, ardhi ya watu thelathini inaingia kwenye mirathi ya mtu mmoja. Kama ushirika haujakamilika basi mkataba wa kununua uwe na majina ya wanachama wote kama kiambatanisho, na kila mmoja asaini na kuweka dole gumba.

Katiba yenu isiwe ya kukopi kutoka kikundi cha kufuga kuku. Iwe na majibu ya maswali haya: mtu akishindwa kuchanga anarudishiwa nini na lini, mtu akifariki nani anashika nafasi, mtu akitaka kuuza anamuuzia nani, na mume na mke wakiachana inakuwaje. Mengine ya vikao na faini mtayaweka tu.

Kuchanga kwa kufuata kipato cha watu wa huku

Hapa wengi wanakosea kwa sababu wanaiga utaratibu wa watu wa mishahara. Nusu ya kikundi chetu kipato chao kinatoka ziwani, na mtu yeyote wa Kibirizi, mwalo wetu wanakoshushia samaki, anajua siku za mbalamwezi boti za dagaa zinalala, taa hazivuti samaki mwezi ukiwa mkubwa. Ukimwekea mtu wa mwalo faini kwa kutolipa wiki ile unamfukuza tu. Sisi tuliweka kiwango cha mwezi badala ya wiki, kila mtu anajaza anavyopata ila mwezi ukiisha kiwe kimetimia. Na mwaka 2024 ziwa lilipofungwa kuanzia katikati ya Mei mpaka katikati ya Agosti ili samaki wazaliane, tulikaa kikao tukasimamisha michango ya wenzetu wa ziwani miezi ile mitatu na wakafidia taratibu baadae. Hakuna aliyetoka.

Hela ikae benki kwenye akaunti ya kikundi, wasaini watatu na angalau mmoja awe mama, na kila mwisho wa mwezi taarifa ya benki isomwe kwa sauti kwenye kikao. Yani isomwe, shilingi kwa shilingi. Msiridhike na mweka hazina kusema "iko salama". Anayechangia kwa simu atumie akaunti ya kikundi na sio namba ya mtu, hata kama huyo mtu ni mchungaji au shehe.

Hesabu kabla ya kutafuta shamba

Ekari moja ni mita za mraba 4,047, wazee wanasema hatua 70 kwa 70. Tuseme mmepata ekari tano, hiyo ni mita za mraba 20,235. Usigawanye yote kwa viwanja, toa theluthi na kidogo kwa ajili ya barabara, mifereji na eneo la wazi, tuseme asilimia 35, inabaki kama 13,150. Viwanja vya mita za mraba 400 vinapatikana 32. Ukubwa wa chini wa kiwanja kaulizeni kwa afisa mipango miji maana unategemea eneo limepangwa kwa matumizi gani.

Sasa bei, na hii ni mfano tu wa kujifunzia. Ekari ikiwa milioni 4, shamba zima ni milioni 20. Weka milioni 8 kwa mchoro, upimaji, wakili, kodi na ada za hati. Jumla milioni 28, gawa kwa watu 32 ni 875,000 kwa kila mmoja. Kwa shilingi 15,000 kwa wiki utamaliza kwa wiki 59, mwaka mmoja na kama mwezi na nusu. Huyo huyo akienda peke yake kutafuta kiwanja kilichopimwa atakuta bei ya rejareja na gharama zote za mpima na wakili zinamwangukia yeye.

Kuna njia nyingine kwa kikundi kisicho na hela ya kununua kwa mkupuo. Wazee wengi pembeni ya mji wana mashamba makubwa ya michikichi iliyozeeka, hawana hela ya kupima na wanaogopa mji utawafikia bila mpangilio. Mnaweza kukubaliana nae, yeye anatoa ardhi, kikundi kinalipia mchoro na upimaji wa shamba lote, mnagawana viwanja kwa asilimia mtakayoandikiana. Mzee anabaki na viwanja vyenye hati anavyoweza kuuza kwa bei nzuri au kuwapa watoto, na nyie mmepata vyenu kwa jasho la upimaji. Ila mkataba uandikwe na wakili na mzee awe na watoto wake wakubwa mezani siku hiyo.

Kukagua ardhi, hapa tulieni sana

Nendeni kwenye shamba mara tatu, kiangazi, masika na usiku. Masika ndio utaona korongo linapopita, maana Kigoma ni mji wa miteremko, ardhi ikiwa nyekundu na imelegea maji yanaikata kwa msimu mmoja tu. Usiku utajua kama kuna njia salama ya mama anayetoka sokoni.

Ardhi ya mwambao achaneni nayo. Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ufukweni, na hata bila sheria mmeona wenyewe Ziwa Tanganyika lilivyopanda kuanzia 2020, nyumba za watu zimemezwa. Mtu anayewauzia kwa bei chee kwa sababu "maji yatarudi" muulizeni kwanini yeye anahama.

Baada ya hapo fanyeni mambo matano. Nendeni kwa mwenyekiti wa mtaa na majirani wote wa mipaka, muwaulize mmoja mmoja na sio wote pamoja mbele ya muuzaji. Nendeni kwa afisa mipango miji na namba za GPS za shamba, muulize kama kuna mpango wowote juu ya eneo hilo, barabara, njia ya umeme, reli, shule au hifadhi. Kama shamba lina hati, fanyeni upekuzi kwa msajili wa hati kwenye ofisi ya ardhi ya mkoa, mtajua kama imewekwa rehani. Na kama iko kwenye kijiji, nje ya mipaka ya manispaa huko, elewa kwamba hiyo ni ardhi ya kijiji chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999, bila halmashauri ya kijiji kuridhia mauziano yenu ni bure.

La tano, kujua kama muuzaji ana haki ya kuuza, ndio lililotuumiza sisi. Shamba la kwanza tulilolipia malipo ya awali lilikuwa la urithi, muuzaji alikuwa mtoto mkubwa wa marehemu, mtu mzima mwenye heshima zake, tukaamini. Tukaja kugundua hakuna msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama, na dada zake wawili hawakuwahi kuambiwa. Hela ilirudi, ila ilichukua miezi minane na wanachama wawili walijitoa kwa kukata tamaa, ndio maana tuko 32 sasa. Kwaiyo shamba la urithi ni mpaka muone barua ya usimamizi wa mirathi kwa macho, na warithi wote wasaini. Na kama muuzaji ana mke au mume, asaini nae, maana Sheria ya Ndoa ya 1971 hairuhusu nyumba ya ndoa kuuzwa bila ridhaa ya mwenzi, na kwa ardhi ya familia pia ni salama zaidi.

Siku ya kununua

Mkataba wa maandishi mbele ya wakili. Picha za pande zote, mashahidi ni majirani wa mipaka, ramani ya mkono yenye vipimo. Malipo yafanyike benki, akaunti kwa akaunti, sio hela kwenye mfuko wa plastiki chini ya mwembe. Hela yoyote ya serikali inalipwa kwa kontroli namba, ile namba ya malipo ya serikali, na inatoka na risiti, mtu akitaka asilimia kumi ya mauziano ya kwake mkononi muombe akuandikie ni ada ipi, utaona anaiacha mwenyewe. Na kodi ya muuzaji na ushuru wa stempu mkubaliane mapema nani analipa, liandikeni, msije kugombana TRA.

Mchoro, upimaji, hati

Mpangilio ni huu na hauruki hatua. Kwanza mchoro wa mipango miji, unachorwa na mtaalamu aliyesajiliwa na unapitishwa na mamlaka. Pili mpima anaweka bikoni, vile vigingi vya zege vya mpaka, na ramani ya upimaji inaenda kuidhinishwa. Tatu kila mwanachama anaomba kumilikishwa, anapata ankara, analipa, anapewa hati. Kwa makazi hati huwa ni ya miaka 33, 66 au 99.

Muwe shambani siku mpima anaweka bikoni, kikundi chote. Sisi kila mtu alichimba shimo la bikoni yake mwenyewe na akapiga nayo picha, mpaka leo hakuna ugomvi wa mpaka kwa sababu kila mmoja anajua zege lake liko wapi na jirani alikuwepo. Kampuni ya upimaji msiilipe yote mwanzoni. Gawanyeni mara tatu: sehemu mchoro ukipitishwa, sehemu bikoni zikikaa, na ya mwisho ramani ikirudi na namba za viwanja. Hili likiwa kwenye mkataba hata wao wanakimbia wenyewe.

Wenzetu ambao tayari mnaishi kwenye makazi yasiyopangwa, nyie njia yenu ni urasimishaji, hatua zinafanana ila mnapima mlipo, na leseni ya makazi inaweza kuwasaidia mkisubiri hati.

Kugawa viwanja kwa haki

Hapa kaeni chini mfikirie kweli. Viwanja havifanani, kuna cha kona chenye barabara mbili na kuna kile cha mwisho kinachoangalia korongo. Tulichofanya ni hivi. Kabla ya kura, wenye ulemavu na wazee walichagua kwanza viwanja vya karibu na barabara, tulikuwa na watu wanne. Vilivyobaki tukaandika namba kwenye vipande vya karatasi, tukaviweka kwenye sufuria, mtoto wa darasa la pili akawa anatoa mbele ya watu wote na afisa maendeleo ya jamii wa kata akiandika. Vya kona tukakubaliana mwenye kukipata anaongeza 100,000 kwenye mfuko wa mfereji. Kimya kikatawala hadi namba ya mwisho, halafu mama mmoja wa migebuka, mjane, akapata cha kona karibu na mwembe, akakaa chini akalia.

Majina ya kwenye hati ndio sehemu ambayo nyumba inapotea bila mtu kuona. Mwanamke anachanga kila mwezi, hati inatoka jina la mume kwa sababu "ndio kichwa cha nyumba", mume anafariki, shemeji wanakuja na lori. Sheria ya Ardhi ya 1999 inasema wazi mwanamke ana haki sawa na mwanaume kupata, kumiliki na kutumia ardhi, na Sheria ya Ardhi ya Vijiji inabatilisha mila yoyote inayomnyima mwanamke, mtoto au mtu mwenye ulemavu. Lakini sheria iliyo kwenye kabati haimsaidii mama, kinachomsaidia ni jina lake kwenye karatasi. Katiba yetu ina mstari huu na naomba muuchukue kama ulivyo:

"Kiwanja cha wanandoa kitaandikwa majina mawili. Mwanachama anayetaka kuandika jina moja ataleta mwenzi wake kwenye kikao, na mwenzi ataeleza mwenyewe kwa mdomo wake kwamba amekubali."

Wanaume watatu walinuna. Wawili wakaleta wake zao, na wote wawili wakaishia kuandika majina mawili.

Kujifunza kwa waliotangulia

Msidhani ni jambo jipya. Watu waliobomolewa Kurasini, Dar es Salaam, kupisha upanuzi wa bandari walijiunga kwenye shirikisho la watu maskini wa mijini, wakisaidiwa na shirika linaloitwa CCI, wakanunua ekari 30 Chamazi, pembeni ya jiji hilo, mwaka 2009 kwa kama milioni 24 na kuanza kujenga nyumba za kuongezeka hatua kwa hatua. Walichokutana nacho ni umbali, mtu aliyekuwa anatembea kwa miguu kwenda bandarini sasa analipa nauli kila siku. Ndio maana sisi tulikataa shamba la bei rahisi lililokuwa mbali na soko la Mwanga, tukalipa zaidi kwa la karibu.

Na Kenya, pale Voi, kuna mtaa unaitwa Tanzania-Bondeni, miaka ya tisini mwanzoni wakazi walichagua ardhi iwe ya jumuiya na nyumba ziwe za watu binafsi, ili mwenye hela asije kununua kiwanja kimoja kimoja mpaka awamalize. Wazo hilo tumelichukua kwa namna yetu, nitaligusa mwisho.

Kujenga bila kuumia

Chora nyumba ya vyumba vitatu, pata kibali cha ujenzi cha hiyo, ila jenga chumba na sebule kwanza uhamie. Msingi wa sehemu ya pili uache nondo zimetoka na uzipake saruji laini zisile kutu. Kodi uliyokuwa unamlipa baba mwenye nyumba ndio inajenga chumba cha tatu.

Kwenye ukuta, tofali za kuchoma tumezizoea ila tanuru linakula magogo, na milima yetu mmeiona ilivyobaki mitupu. Tofali za kufungamana za udongo na saruji hazichomwi, zinashindiliwa kwa mashine ya mkono na zinapangwa kwa udongo kidogo sana wa kuungia. Wakala wa Taifa wa Utafiti wa Nyumba Bora na Vifaa vya Ujenzi wamezihimiza miaka mingi. Kinachoharibu ni watu kuruka kipimo cha udongo, na kipimo chenyewe hakina gharama.

Tengeneza kisanduku cha mbao, ndani kiwe na urefu wa sentimita 60, upana 4 na kina 4. Pakaa mafuta ndani, sisi tulipaka mawese. Chimba udongo chini ya ule mweusi wenye mizizi, uchekeche, uloweshe mpaka ushikane, ujaze na kushindilia pembeni kwa kijiti usiache hewa. Uache kivulini siku saba. Udongo utakuwa umesinyaa na kupasuka, usukume wote upande mmoja kisha pima nafasi iliyobaki kwa rula. Ikiwa chini ya milimita 12, sehemu moja ya saruji kwa 18 za udongo inatosha. Milimita 12 mpaka 24, moja kwa 16. Mpaka 39 hivi, moja kwa 14. Mpaka 50, moja kwa 12. Ikizidi hapo udongo una mfinyanzi mwingi, ongeza mchanga upime upya. Shamba letu upande wa juu ulitoa milimita 20 na upande wa bondeni 44, udongo wa shamba moja, na fundi alikuwa anataka kuchanganya yote sawasawa.

Tofali likitoka kwenye mashine lilale kivulini, lifunikwe nyasi au nailoni, limwagiwe maji siku saba mfululizo. Kisha lisubiri, likifika siku 28 ndio lina nguvu zake. Fyatueni Juni mpaka Septemba, mvua za Oktoba zisikute tofali mbichi.

Saruji na bati nunueni kwa pamoja, lori moja kwa watu kumi, bei ya jumla na nauli mnagawana. Na vijana wa kikundi wanaweza kuunda kikundi chao cha kufyatua tofali wakaomba mkopo unaotoka kwenye asilimia kumi ya mapato ya ndani ya halmashauri, asilimia 4 ya kina mama, 4 ya vijana, 2 ya wenye ulemavu, hauna riba. Mkopo huo ni wa biashara na sio wa kujengea nyumba yako, kwaiyo andikeni mpango wa biashara ya tofali, na wateja wa kwanza ni sisi wanachama 32. Vijana wetu sita walianza hivyo na sasa wanauza tofali mpaka Mwandiga.

Siku za msaragambo, yani kazi ya pamoja ya kujitolea, ziwe na daftari la mahudhurio. Mzee mlinzi na mama mjamzito wasihesabiwe siku za kubeba, wapewe kupika au kulinda vifaa, na zihesabike sawa na za wengine.

Baada ya hati

Mtu akitaka kuuza, katiba yetu inamtaka aanze kutangaza kwa kikundi, tuna siku 60 za kununua kwa gharama alizotumia pamoja na thamani ya nyumba iliyokadiriwa na mthamini, tukishindwa anauza nje kwa kaya isiyo na nyumba nyingine hapa mjini. Kila mmoja alisaini mkataba wa hilo kwa wakili kabla ya hati kutoka, baada ya hati ungekuwa umechelewa. Hapo ndipo tulipowafuata wenzetu wa Voi.

Mgogoro ukitokea, usuluhishi unaanzia Baraza la Kata, tangu marekebisho ya 2021 kazi yao ni kusuluhisha na sio kuhukumu, mkishindwana ni Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya.

Kuna jambo la kodi watu wanachanganya. Kodi ya jengo inakatwa kwenye LUKU ya umeme tangu Agosti 2021, kwaiyo mtu anadhani kamaliza. Kodi ya pango la ardhi ni nyingine, inalipwa kila mwaka kwa kontroli namba, na usipoilipa miaka unaweza kufutiwa milki. Sisi kila Julai tunakutana chini ya ule mwembe kwenye kiwanja cha mama wa migebuka, katibu anakuja na simu na daftari, tunatoa kontroli namba 32, na kama kuna mwenzetu ziwa limemkatalia mwezi huo mfuko wa kikundi unamlipia na anarejesha kabla ya Desemba.